Baba, usimlazimishe achague

Cincinnati, Ohio

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku sijambo, ila baridi. Leo asubuhi theluji imefunika ngazi za nyumba, na ndoo ya maji niliyoisahau nje imeganda mpaka chini. Mwambie Mama vitenge vilifika salama. Kimoja najifunika nikisoma usiku.

Tangu simu ya Jumapili sijatulia. Ulisema mdogo wangu akimaliza Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) achague moja: aombe jeshi awe rubani, au aende Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, asome mpaka awe mwalimu wa chuo kama Mama anavyotaka, maana mshika mawili moja humponyoka. Nilinyamaza, Baba, lakini sikukubali. Kukubishia kwenye simu, Mama yuko pembeni anasikiliza, niliona si adabu. Ndiyo maana leo nimekaa nikuandikie habari za mtu aliyeyashika yote mawili, tena katika chuo hikihiki ninachosoma.

Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, unamjua. Ulitusimulia mara nyingi jinsi mlivyokusanyika redioni Julai 1969 kusikiliza habari za watu kufika mwezini. Huku nimejifunza yaliyotangulia na yaliyofuata, na hayo ndiyo yanayotuhusu sisi. Alizaliwa 1930 karibu na mji mdogo wa Wapakoneta, kaskazini mwa hapa, na alipata kibali cha kurusha ndege alipotimiza miaka 16, kabla hata ya leseni ya gari. Mwaka 1947 aliingia Chuo Kikuu cha Purdue kusomea uhandisi wa ndege. Jeshi la Majini ndilo lililomsomesha, kwa makubaliano: miaka miwili darasani, kisha jeshini, kisha arudi chuoni amalize. Utazame vizuri mpango huo, Baba. Jeshi lenyewe lilitaka arudi shule.

Aliitwa jeshini mwanzoni mwa 1949, na vita vya Korea vikamkuta huko. Aliruka safari 78 za vita kutoka kwenye meli ya kubeba ndege, USS Essex. Septemba 1951, akiwa na miaka 21, ndege yake ilikatika kipande cha bawa la kulia ikiwa chini sana juu ya ardhi ya adui. Akaiongoza hivyohivyo mpaka eneo la wenzake, ndipo akajirusha kwa mwavuli. Mwaka uliofuata alirudi Purdue, akakaa kwenye madawati na vijana waliotoka sekondari juzi, akamaliza shahada 1955. Mimi hapo ndipo ninapomheshimu kuliko kule mwezini. Kijana aliyepoteza wenzake vitani anafungua tena daftari la hesabu na kusubiri maksi za mtihani kama wengine.

Mwezi wa kumi nilikwenda Wapakoneta kwenye makumbusho yenye jina lake. Wanacho chombo chenyewe cha anga, Gemini 8, alichorukia na David Scott Machi 1966. Ni kidogo, Baba, hata viti vya mbele vya daladala vina nafasi zaidi. Wakiwa angani, injini ndogo moja ya kugeuzia chombo iligoma kuzima, chombo kikaanza kuzunguka mpaka karibu mzunguko mmoja kila sekunde. Mtu akizunguka hivyo macho yanaanza kupoteza picha, na asipofanya kitu mapema atazimia. Armstrong alizima mfumo ule wote na kutumia injini zilizowekwa kwa ajili ya kurudi duniani, chombo kikatulia, safari ikakatishwa. Nilisimama pale muda mrefu nikiwaza: ule mkono uliojua pa kugusa ulifundishwa na nini? Na ndege, ndiyo. Lakini pia na masomo, kwa sababu alijua kila bomba lilitoka wapi na kwenda wapi.

Basi baada ya mwezi, angeweza kuishi kwa kupigwa picha tu. Mwaka 1970 alimaliza shahada ya uzamili, ambayo alianza kuisoma alipokuwa bado rubani wa majaribio, na 1971 akaja hapa Cincinnati kuwa profesa wa uhandisi wa anga. Alifundisha miaka minane, mpaka 1979. Alianzisha masomo mawili: usanifu wa ndege, na mwendo wa ndege unaopimwa kwa majaribio ya kuruka.

Faida ya mwalimu wa namna hiyo nimeionja mwenyewe. Mmoja wa walimu wangu alirusha ndege za kivita kwa miaka mingi kabla ya kuingia chuoni. Tulikuwa tunasoma jinsi bawa linavyopoteza nguvu ya kuinua. Wengi tunadhani hutokea injini ikizimika. Hapana, hutokea ukingo wa mbele wa bawa ukiinuliwa kupita kiasi dhidi ya upepo, kwa mabawa mengi ni karibu nyuzi 15, hata kama injini inanguruma. Utakumbuka tulivyokuwa tukitoa mikono nje ya dirisha la basi la Morogoro na wewe ukitukaripia. Kiganja ukikiinua kidogo, upepo unakibeba. Ukikisimamisha zaidi, unakisukuma nyuma tu. Ni jambo lilelile. Mwalimu aliandika milingano ubaoni, kisha akaweka chaki chini, akakunja mkono kama ameshika usukani, akatuambia tetemeko linaloanza mkononi kabla bawa halijaachia, na kwamba rubani mwoga huvuta usukani nyuma kwa kutaka kupanda, na hapo ndipo anapojimaliza, kumbe alitakiwa kushusha pua. Darasa lote lilinyamaza. Usiku ule nilifungua tena milingano na kila herufi ilikuwa na uzito mkononi mwangu.

Sisemi kila aliyerusha ndege anaweza kufundisha. Nimewahi kukaa mbele ya mwingine aliyemaliza muhula akisimulia vita, tukatoka na hadithi, hatukutoka na somo. Kuruka peke yake hakutoshi. Lakini aliyeruka na akasoma kwa bidii, huyo ana kitu ambacho vitabu vyangu havina.

Na si wanaume peke yao, nalisema hili kwa ajili ya binti zako. Yupo Missy Cummings, rubani wa Jeshi la Majini tangu 1988 hadi 1999, mmoja wa wanawake wa kwanza kurusha ndege za kivita za jeshi hilo. Alipotoka jeshini alisoma uzamivu, akafundisha chuo kikuu cha MIT, kisha Duke, sasa yuko George Mason. Kazi yake ni kuchunguza binadamu na mashine zinazojiendesha wanavyoelewana, au wanavyoshindwa kuelewana. Swali hilo mtu hulipata kwenye kiti cha rubani, halafu hulitafutia jibu chuoni.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike leo badala ya kesho. Ulikuwa fundi wa ndege. Mwaka 1979, wakati wa vita na Idi Amin, ulikuwa Mwanza, ukatusimulia ndege ya Libya ilivyokosa shabaha, makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Mwaka huohuo Armstrong alikuwa anaacha kufundisha hapa. Na nakumbuka baadaye, pale Ngerengere, jioni vijana wa karakana walivyokuja nyumbani na maswali, wewe ukitoa lile daftari la jalada gumu: tarehe, sauti ya injini, ulichofungua, ulichokuta ndani. Ulikuwa ukiwauliza wao kwanza kabla ya kuwaambia jibu. Mama alikuwa anaongeza maji kwenye chai kwa sababu hawakuwa wanaondoka. Wewe hukuona kuwa umeshika mawili, Baba, na hakuna lililokuponyoka.

Nakuomba, usimwambie achague. Aombe jeshi kama moyo wake uko huko, lakini fizikia na hesabu asiziweke chini hata siku moja, na akipata nafasi ya kusoma akiwa ndani ya jeshi, asiikatae kwa kuona amechelewa. Mama naye umweleze taratibu. Wewe anakusikiliza kuliko mimi.

Lile daftari mpe alisome. Kama panya hawajalifikia, apige picha kurasa zinazohusu mitetemo ya injini anitumie, nazihitaji kwenye utafiti wangu. Na anipigie Jumamosi saa mbili usiku ya huko, hapa itakuwa saa sita mchana na nitakuwa nimetoka maabara.

Dawa ya presha usiache kuinywa.

Binti yako akupendaye