Barua kwa mwanangu, kabla hujatimiza miaka 18

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Huku hatujambo. Kifua cha babako kimepoa, na bibi yako anakusalimu sana. Kila siku ananiuliza kama huko Java, Indonesia, unakula ukashiba. Nimemwambia kwamba Mbah, mama yangu, hawezi kumwacha mtu alale na njaa, akatulia kidogo, kesho yake akauliza tena.

Ile sauti uliyonitumia Jumamosi usiku nimeisikiliza mara nyingi. Swali lako lilikuwa moja tu, la nchi ya kuwa raia wake: "Ibu (mama), nichague ipi?" Kisha ukanyamaza, nikabaki nasikia pikipiki zinapita nyuma yako. Sikutaka kukujibu kwa simu, maana mambo haya kwa simu hukatika katikati. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho ulichoanza kuitia mama nacho, na Kijava changu siku hizi kimechakaa kwa kukosa wa kuzungumza naye.

Sheria yenyewe unaijua, lakini ngoja niiseme. Kabla ya 2006, mwanamke wa Indonesia akiolewa na mgeni, watoto wake walihesabiwa watu wa nchi ya baba, basi. Sheria mpya ya mwaka huo ndiyo iliyokuruhusu uwe raia wa kwetu na wa kwa babako mpaka utimize 18, na ikakupa hadi miaka 21 kutamka umechagua wapi. Tanzania nayo haimkubalii mtu mzima uraia pacha. Kwa hiyo hukosei kuona kama milango miwili inafungwa kwa wakati mmoja, na wewe umesimama katikati ukumbini.

Unakumbuka Ramadhani ya 2022? Vita vya Ukraine vilikuwa vimeanza, mafuta ya kupikia yamepanda dunia nzima, na siku chache kabla ya Idd, tarehe 28 Aprili, serikali ya kwetu Indonesia ikazuia mafuta ya mawese yasitoke nje. Huko kwa Mbah watu walikuwa wamepanga foleni za mafuta kwa miezi, katika nchi inayotoa mawese mengi kuliko nyingine yoyote. Nilikutuma dukani ukarudi na nusu ya nilichokuagiza, umekunja uso. Mwenye duka alikuwa amekwambia, "Kamwambie mamako nchi yao imefunga mafuta." Ukaniuliza, "Kwa nini aseme nchi yao? Mimi si nilikuwa nimesimama pale pale?" Sikuwa na jibu. Serikali ya kule ilikuwa inawatazama watu wake kwanza, mwenye duka alitaka kuuza, bibi yako alitaka kukaanga sambusa za Idd, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Zuio halikumaliza mwezi, lakini uso wako wa siku ile ninao mpaka leo. Naona ndiyo siku swali lako lilipoanza.

Mimi nina miaka kumi na tisa hapa na bado ni raia wa kule. Naishi kwa kibali cha ukaazi. Uchaguzi wa hapa unanipita kama mvua inayonyesha ng'ambo ya pili: nasikia ngurumo, silowi. Februari 2024 nilivuka bahari mpaka Dar es Salaam kupiga kura ubalozini, nikarudi na kidole chenye wino, na jirani yetu akacheka kwamba nimetapika njia nzima kwa ajili ya rais asiyenijua. Sikujuta. Kwa nini, ngoja nikueleze.

Tarehe 20 Mei 1998 nilikuwa na miaka 20, mwanafunzi hapo hapo Yogyakarta ulipo sasa. Dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa rupia kama 2,400 katikati ya 1997 ilikuwa imepita 10,000, na mshahara wa Mbah ulikuwa umebaki jina. Wiki moja kabla, Jakarta na Solo ziliungua, wanafunzi wanne wakapigwa risasi, na Waindonesia wenye asili ya Kichina wakafanyiwa mambo ambayo nchi yetu haijayajibu hadi leo. Sisi Yogyakarta tulitembea kwa miguu mpaka uwanja wa mbele ya kasri ya Sultani, watu wasiohesabika, kudai Rais Suharto aondoke. Kina mama wa mtaa wa Malioboro walitupa maji na wali uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Mmoja alinifunga mtandio wake kichwani kwa ajili ya jua, nikapotezana naye, sikuurudisha. Kesho yake asubuhi Suharto akajiuzulu baada ya miaka 32. Nilikuwa kwenye chumba cha kupanga, redio ya jirani imefunguliwa mpaka mwisho, na nikahisi kwa mara ya kwanza kwamba nilichosema kimesikika mahali.

Ndiyo maana mwishoni mwa Agosti 2025, watu walipotoka kupinga posho za nyumba za wabunge, rupia milioni 50 kwa mwezi, na gari la polisi likamkanyaga yule kijana dereva wa ojek, bodaboda za huko, Jakarta, sikukwambia usitoke. Nilikwambia uvae viatu vya kufunga kamba na usiachane na wenzako. Kisha nikalala na simu kifuani. Babako hakulala kabisa.

Basi jibu langu liko hapo. Chagua pale unapotaka kusema na kujibiwa. Mapenzi usiyahesabu, hayo hayaandikwi kwenye pasi. Baba yangu alipofariki nilipata habari alfajiri, nikatoka Pemba saa hiyo hiyo, nikafika kwetu Kudus siku ya tatu. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka. Nilikuwa na pasi ya nchi yake mkononi na haikunifikisha. Lakini karatasi ina kazi zake, usiidharau: kura, kazi bila ya kuomba kibali, na ardhi, maana pande zote mbili mgeni hapewi ardhi kama mwenyeji. Fikiria utaishi wapi ukiwa na miaka 40, ni kero za watu gani utakuwa tayari kuzifanya zako. Kama ni za Java, sawa. Kama ni za hapa, sawa.

Na nikisema mimi sina ninachotamani nitakuwa nakudanganya. Natamani urudi. Natamani awepo mtu humu ndani wa kuniambia neno moja la Kijava nikizeeka. Lakini hiyo ni tamaa yangu, mwanangu, wala si deni lako. Usichague kwa kunihurumia.

Sijawahi kukuhadithia vizuri siku niliyofika. Mbah alikuwa msokotaji wa kretek, sigara za karafuu, kiwandani Kudus. Walikaa wawili wawili, mmoja anasokota, mwenzake anakata ncha kwa mkasi, na malipo kwa kila elfu. Kretek, jina lenyewe, ni mlio wa karafuu ikiungua. Jioni akirudi na kunisuka nywele, vidole vyake vilinuka karafuu. Nilikua nikidhani hiyo ndiyo harufu ya kila mama. Babako aliponileta Pemba ulikuwa msimu, na kutoka uwanja wa ndege karafuu zimeanikwa kwenye majamvi pembeni mwa njia, nyumba baada ya nyumba. Nikaanza kulia garini. Babako akadhani nimejuta. Tulipofika, bibi yako akadhani nimeona nyumba yake ni ndogo mno. Kiswahili sina. Nikakaa chini uani, nikavuta kishada cha karafuu mbichi kwenye lundo lake, nikaanza kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Bibi yako alinitazama kitambo, kisha akaja akakaa ubavuni pangu, akachambua na yeye. Hatukusemezana mpaka magharibi.

Karafuu zenyewe zilitoka kwetu. Zamani mti huo ulikuwa kwenye visiwa vichache tu vya Maluku, Ternate na Tidore na jirani zao, na Waholanzi waliikata mikarafuu iliyoota pasipotakiwa ili bei isishuke. Mfaransa mmoja akaiba miche kuelekea Mauritius, karibu 1770, na mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa ikafika Zanzibar. Sayyid Said akaifanya mashamba makubwa, yaliyolimwa na watumwa, na hilo usiliruke unapoisimulia kwa wenzako huko. Kimbunga cha 1872 kikaangusha ya Unguja, ya Pemba ikasalia. Halafu kretek zikapendwa mno Java hadi karafuu zao hazikutosha, wakawa wananunua za Zanzibar. Mbah anakumbuka magunia hayo. Baadaye wakapanda za kwao kwa wingi, wakaacha kununua, na wazee wa hapa hawajasahau.

Siku ukienda kwa mjomba wako kule mlimani Muria, mtazame ile mikarafuu nyuma ya nyumba yake. Muulize ni aina gani. Atakwambia "Zanzibar." Ndivyo wakulima wa huko wanavyoiita ile inayozaa vizuri, na atalisema bila hata kuinua macho.

Fomu zako zote nimeziweka kwenye bahasha moja: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa yetu, nakala mbili mbili. Nitampa mtu anayesafiri mwezi ujao. Usisaini chochote usichokielewa. Ukiona ofisini wanakuharakisha, waambie utarudi kesho, una muda.

Ukija likizo niletee ragi ya tempe, ile hamira ya kugandishia soya ziwe kipande kimoja cha kukaanga, pakiti tatu. Soya hapa ni shida kupata, na hata huko nyingi ni za Marekani, ndiyo maana wapika tempe waligoma Januari 2021 bei ilipopaa. Mimi natumia kunde za bibi yako. Nazichemsha, nazimenya kwa kuzisugua majini, nazifunga kwenye majani ya mgomba, siku mbili zinashikana nyeupe kabisa. Ragi ya mwisho niliimaliza wiki iliyopita. Bibi yako alikula vipande vitano, akaniuliza lini tena.

Mamako