Barua kwa mwanangu: vidonge, dripu na kikombe cha shangazi

Mwanangu,

Marahaba. Umeuliza kama utaweza kujifungua bila dripu ya uchungu. Mimba isiyo na tatizo, mara nyingi inawezekana, ila maandalizi ni sasa, wiki ya 14, si siku ya kubeba beseni na khanga.

Anza na damu yako. Kwa siku unahitaji madini chuma miligramu 30 hadi 60 na asidi ya foliki miligramu 0.4, ndicho kidonge cha kliniki. Kimeze na maji ya machungwa. Chai iache ipite saa moja au mbili, maana inazuia chuma kuingia mwilini. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Kikikuchefua, meza usiku ukienda kulala. Lakini usinunue foliki ya miligramu 5 ukidhani nyingi ndiyo bora: inadhoofisha SP, vile vidonge vya kukinga malaria, na malaria ikijificha kwenye kondo la nyuma mtoto huzaliwa na uzito mdogo. SP wanakuanzishia sasa, kisha kila dozi ipishane na nyingine mwezi mmoja au zaidi, zisipungue tatu. Na pemba uache. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua, nao udongo unazidi kukizuia.

Siku yenyewe: mikazo ya kweli haipoi ukitembea. Ikija kila dakika 5, kila mmoja ukadumu karibu dakika nzima, kwa saa moja, nenda. Kituo kikiwa mbali, ondoka mapema zaidi. Uchungu kamili huhesabiwa njia ikifunguka sentimita 5, na kwa uzazi wa kwanza kutoka hapo unaweza kuchukua hata muda wa saa 12 na bado mambo yakawa sawa. Kojoa kila saa mbili. Kibofu kilichojaa kinamziba mtoto asishuke. Usilale chali, mfuko wa uzazi unabana mshipa mkubwa wa damu. Piga magoti, egemea kitanda, na mumeo akandamize kwa kiganja ule mfupa ulio juu ya makalio, kwa nguvu hasa, mkazo ukipita aachie. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe kwa mdomo ukihesabu sita. Angalia taya: ukiuma meno, mwili mzima umejikaza. Ukisikia hamu ya kusukuma, mwite mkunga akupime kwanza, kwani ukisukuma njia haijakamilika mlango wa kizazi huvimba.

Shangazi atakuletea kikombe cha mizizi ya kuharakisha. Mpokee kwa heshima, usinywe. Hakina kipimo: mikazo inapandana bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, mfuko unaweza hata kupasuka. Dripu wanahesabu matone, na ikizidi wanaifunga. Kikombe ukishakimeza utakifungaje? Kwa hiyo mkunga akiona kwenye chati yake uchungu umesimama, dripu ikubali.

Mtoto akitoka, kitovu kisikatwe kabla ya dakika 1 hadi 3, kama analia vizuri. Sindano ya oksitosini uniti 10 usiikatae, inakukinga na damu nyingi. Yale maziwa ya kwanza ya manjano mpe ndani ya saa moja, wala usiyakamue kuyamwaga.

Ukiona damu, maji ya kijani, kichwa kikali chenye maluweluwe, au mtoto amepunguza kucheza, usisubiri asubuhi wala ushauri wangu.

Kwenye kadi wameandika wekundu wa damu ngapi? Niandikie.

Mama yako