Barua kwa sahibu yangu wa Wete: maikrofoni za dramu

Mji Mkongwe, Unguja

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, na nimefurahi mno kusikia kuwa kikundi kimepata seti ya dramu, na kwamba mmepewa chumba cha kurikodia hapo Wete. Huku sote wazima, watoto wanakusalimu. Niingie moja kwa moja kwenye ulichouliza, maana umesema pesa imo mkononi, na mie naogopa isije ikatoka kabla barua hii haijafika.

Unataka kununua lile sanduku la maikrofoni saba zinazouzwa pamoja, ulitumie jukwaani na chumbani. Yakhe, usilinunue. Kwa pesa ile ile chukua mbili au tatu za maana, halafu uongeze moja moja kila mkipata. Masanduku ya bei ya chini yanakupa idadi, na idadi ndiyo inayomponza fundi mitambo: kila maikrofoni iliyo wazi ni sikio jingine linaloingiza kelele kwenye mixa, ule mtambo wa kuchanganyia sauti. Saba hafifu zitakuchosha zaidi ya tatu nzuri.

Halafu usianze kwa kuuliza ipi ni bora. Uliza inakwenda kufanya kazi wapi. Jukwaani unataka maikrofoni inayojua kukataa, kwa sababu dramu imezungukwa na monita (spika za kuwasikilizisha wapigaji), gitaa la besi, kinanda na waimbaji. Chumbani adui mmoja tu, nae ni ukuta. Ndiyo maana kitu kinachosifiwa studio kinaweza kukuaibisha uwanjani Gombani, na cha uwanjani kikasikika kikavu mno studio.

Kwa jukwaa, ya kwanza iwe Shure SM57, uitie kwenye sneya, ile dramu ndogo yenye mlio mkali. Imetoka mwaka 1965 na mpaka leo iko kwenye majukwaa ya dunia nzima. Ni dainamiki, haihitaji kulishwa umeme, inastahamili kishindo, na ikianguka unaiokota ukaendelea na kazi. Iweke juu ya ukingo, kama vidole vitatu kutoka kwenye ngozi, uso wake uelekee katikati na mgongo wake utazame hai-hati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu. Hilo la mgongo usilidharau. SM57 inasikia zaidi mbele, na nyuma kabisa ndiko inakoziba. Ukielekeza mgongo vizuri, hai-hati inapungua kabla hujagusa kitufe chochote. Lakini usidhani zote ziko hivyo. Beta 57A, ya kampuni hiyo hiyo, ni superkadioidi: nyuma kabisa bado inasikia kidogo, na pale inapoziba ni pembeni kwa nyuma, kiasi cha digrii 126 kutoka mbele. Ukiweka monita nyuma kabisa kama ulivyozoea kwa SM57, itakupigia mluzi usiku kucha na utamaliza saa unatafuta kosa kwenye spika.

Ya pili ni ya dramu kubwa ya mguu. AKG D112 au Shure Beta 52A, yoyote utakayoipata kwa bei nzuri. Zimetengenezwa kwa sauti nzito na hewa nyingi inayosukumwa. Anzia kwenye tundu la ngozi ya mbele. Ukiisogeza ndani kuelekea nyundo unapata mlio mkavu wa kupiga, ukiirudisha nje unapata uzito. Fanya hivyo kwa mkono, sikio likiwa kwenye spika, kabla ya kukimbilia ikwalaiza, vile vitufe vya kurekebisha sauti nzito na kali.

Za tom, zile dramu nyingine za seti, zinaweza kusubiri. Pesa ikija, Sennheiser e604 zina kibanio cha kushika ukingo wa dramu na uzito wake ni gramu 60 tu, kwa hiyo huhitaji msitu wa stendi kwenye jukwaa dogo. Na matoazi, kwenye viwanja vya wazi na majukwaa madogo, yaache. Yanaingia kwenye maikrofoni nyingine zote upende usipende. Ukija kupiga Ngome Kongwe wakati wa tamasha la Sauti za Busara, hapo sawa, jukwaa ni kubwa na maikrofoni za juu zinahitajika. Ila hiyo ni Februari, kaskazi inavuma, na maikrofoni isiyovishwa sponji itarikodi upepo kuliko matoazi.

Sasa nifike kwenye kinachonikaa moyoni zaidi, maana umeandika kuwa mtachanganya seti hiyo na kidumbak, ngoma yetu ya vigoma viwili, kikubwa na kidogo. Nakuomba usivifanye vigoma vile viwili kuwa wageni kwenye jukwaa lao wenyewe. Nimeona mara nyingi seti ya dramu inapewa maikrofoni zote, halafu mpiga kidumbak anawekewa moja iliyobaki, mbali, na watu wanaondoka wameisikia sneya tu. Seti ina sauti kubwa yenyewe. Kidumbak ndicho kinachohitaji kusaidiwa. Mpe SM57 moja baina ya vile viwili, shubiri moja juu ya kingo, na usikilize mpaka kikubwa na kidogo vilingane. Ukiona kidogo kinamezwa, isogeze maikrofoni upande wake badala ya kupandisha sauti. Na ngozi ziote moto kwanza, kama wafanyavyo wazee. Ngozi iliyolegea kwa unyevu hakuna maikrofoni ya kuirekebisha, hata ya bei gani.

Msondo ndio wenye siri. Ngoma ile ni ndefu na chini iko wazi, kwa hiyo ina sauti mbili: kofi la ngozi juu, na uzito unaotokea chini. Marehemu Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, alikuwa akiipiga amesimama, imefungwa kiunoni, na ule uzito ulikuwa na njia ya kutoka. Mpigaji wako akisimama vile, tia maikrofoni mbili, SM57 juu na ile ya dramu ya mguu karibu na mdomo wa chini. Halafu tafuta kwenye mixa kitufe chenye alama ya duara lililokatwa na mstari, ukibonyeze kwa ile ya chini. Sababu yake ni hii: mkono unapoishusha ngozi, hewa ya juu inavutwa na ya chini inasukumwa, kwa wakati mmoja. Maikrofoni mbili zinaleta habari zilizopingana, zikikutana zinafutana, na uzito wote unapotea. Kitufe kile kinazipatanisha. Sneya ukiitia maikrofoni juu na chini, mambo ni hayo hayo.

Chumbani, tumia zile zile mbili kwa sneya na dramu ya mguu, na hapa sasa ununue kondensa mbili zinazofanana, yaani maikrofoni za aina inayolishwa umeme. Hizi ndizo zitakazoisikia seti nzima. Iko njia ya Glyn Johns, fundi wa Uingereza aliyewarikodi Rolling Stones na Led Zeppelin, na inafaa sana kwa mwenye maikrofoni chache: moja inakaa juu ya dramu, karibu mita moja kutoka sneya, ya pili inakaa pembeni upande wa tom ya chini, ikitazama sneya na hai-hati. Siri yake ni umbali. Zote mbili ziwe sawasawa kutoka katikati ya sneya, na kipimo chake ni uzi tu: ushike kwenye sneya, uuvute mpaka maikrofoni ya kwanza, kisha uupeleke kwa ya pili. Sauti inakwenda sentimita 34 hivi kwa kila elfu moja ya sekunde. Tofauti ya sentimita 17 baina ya maikrofoni hizo inatosha kula sauti iliyo karibu na hezi 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde, na sneya ikatoka nyembamba bila ya wewe kujua kwa nini.

Chumba chenyewe umesema ni cha nyumba ya zamani, kuta za mawe na dari ya boriti. Kama upana wake ni mita tatu, kama vyumba vingi vya boriti, kitavuma kwenye hezi 57 hivi, na hapo ndipo dramu nyingi za mguu zinapokaa. Usiibandike seti ukutani. Ivute mbele na uisikilize kila unapoisogeza. Mikeka ya Pemba ni mizuri, lakini inapunguza mlio mkali tu. Magodoro ya usufi yakisimamishwa pembeni yanafanya zaidi.

Kondensa zinataka kulishwa volti 48 kutoka kwenye mixa, na zinataka ukavu. Masika yakiingia Machi, unyevu ukikaa ndani utasikia mtatariko kama mafuta motoni. Baada ya kazi zirudishe kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, usiziache kwenye stendi. Dainamiki hazina udhaifu huo, ila uzipanguse chumvi.

Na jambo la mwisho la dukani: SM57 za bandia ni nyingi. Ya kweli ina uzito wa gramu 284. Kabla ya kutoa pesa muombe sonara akupimie. Ikiwa nyepesi waziwazi, irudishe.

Niandikie upana na urefu wa chumba, na unambie mpiga msondo anakaa au anasimama. Mixa yenu ina njia ngapi za kuingizia maikrofoni? Hilo hukulitaja, na ndilo litakaloamua kama tom mtazitia maikrofoni mwaka huu au mwakani. Nikipata jibu lako nitakuchorea mpango wa jukwaa, niupe boti la kwanza linalokuja Pemba.

Nisalimie wote wa kikundi, na mama hasa.

Nduguyo wa Unguja