Tupa Ndani ya Mkate

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, sisi huku wazima, alhamdulillahi. Najua mwanao amekwisha kukusimulia mambo ya likizo, pamoja na lile jeraha la mtoto wa dadako. Lakini mtoto wa miaka mitano husimulia mwanzo na mwisho, katikati akapaacha. Na mimi nimeshika kalamu kwa ajili ya hapo katikati. Kwenye simu tungeishia kuulizana bei ya nauli.

Siku ya tatu tangu aje, alijifunga leso yangu ya kisutu shingoni, akachukua mwiko wa pilau jikoni, akapanda juu ya baraza ya daka. Akapiga ukelele wa shujaa wake wa kwenye simu, akaruka. Mwenzake, huyo mtoto wa dadako, alikuwa amekaa chini anachezea vifuniko vya soda, hana habari. Mwiko ukampata juu ya nyusi. Alishonwa nyuzi tatu. Damu ya usoni ni nyingi kuliko jeraha lenyewe, wewe unajua, na mwanao alipoiona alisimama akiwa mweupe kama chokaa, mwiko bado mkononi.

Sikumpiga. Nilimkalisha nikamuuliza kwa nini amemfanyia mwenzake vile. Akanijibu, "Kwa sababu yeye ni mwovu." Nikamuuliza, kafanya uovu gani? Akafikiri kweli, nilimwona anafikiri, kisha akasema: "Bibi, mimi ndiye shujaa."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Mtoto hakuwa anasema uongo wala hakuwa mkaidi. Kwake yeye, akishakuwepo shujaa ni lazima awepo wa kupigwa, na aliyekuwa karibu ni ndugu yake.

Usidhani naanza kukulaumu. Unatoka kazini usiku, foleni ya Nairobi imekuchosha, mtoto hajalala, unampa simu atazame katuni huku unapika. Nimefundisha chekechea miaka mingi, nimewaona wazazi wa kila namna, na mzazi aliyechoka si mzazi mbaya. Wala sina ugomvi na mashujaa wenyewe. Superman alitokea mwaka 1938, Spider-Man mwaka 1962, na ukiwatazama vizuri wote wawili ni mayatima. Mmoja aliokotwa mchanga akalelewa na wakulima, wa pili akalelewa na ami yake na mke wa ami. Katika hadithi hizo imani imo, tena nyingi. Lakini mtoto wa miaka mitano haoni uyatima. Anaona ngumi.

Na hili si la kwangu peke yangu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 240 wa umri wa chekechea. Waliokuwa wamezama zaidi katika mambo ya mashujaa walionekana, mwaka mmoja baadaye, wamezidi kupiga wenzao na kuwatenga. Wazazi wengi hutumaini kwamba mtoto atajifunza angalau kumtetea anayeonewa; hilo halikuongezeka. Mimi nilipoyasoma hayo nilikumbuka darasa langu. Ngumi ni nyepesi kuiga, mkono unaijua. Sababu ya ngumi ile imejificha katika maneno, na maneno ya katuni yanapita mbio.

Sasa nikueleze usiku ule. Umeme ulikatika baada ya isha, tukapanda darini na mkeka na mito, yeye upande huu, mwenzake na plasta yake upande ule, mimi katikati. Upepo wa kaskazi ulikuwa mzuri. Mwanao akaniambia kwa sauti ndogo, "Nataka hadithi ya shujaa." Bado! Nikasema paukwa, wakaitika pakawa, nikawapa Fumo Liyongo, shujaa wa zamani wa mwambao wetu.

Nguvu zake nilizitaja haraka: urefu wake, upinde wake, jinsi watu walivyomhofu kote Pate na Ozi hata mfalme akaona hakuna usalama mpaka afungwe. Kisha nikamwacha Liyongo huko gerezani, amefungwa minyororo, nikamfuata Saada.

Wewe Saada unamjua kwa jina tu, kwa sababu nilikuwa nikimpita mbio nifike kwenye mapigano. Muhammad Kijumwa wa hapa hapa Lamu aliuandika utenzi wa Liyongo mwaka 1913, na watu wakiusifu humsifu Liyongo. Saada alikuwa kijakazi. Kila siku alipeleka chakula alichopika mama yake Liyongo, na kila siku walinzi walikula kizuri, wakamwachia mfungwa makombo. Mfungwa akampa ujumbe: mwambie mama afanye mkate wa wishwa, mkate wa pumba, ndani yake atie tupa, kile chuma chenye meno cha kukatia minyororo. Saada akaufikisha. Mama akaoka mikate mizuri pamoja na ule wa pumba. Walinzi wakanyakua ile mizuri, ule wa pumba wakaubeza wakasema huu mpelekee huyo wako.

Hapo nikanyamaza kidogo. Nikawauliza: mlinzi anadhani ndani ya ule mkate mna nini? Mwanao akacheka kwa kiganja mdomoni. "Anadhani mna pumba tu!" Na wewe unajua mna nini? "Tupa!" Na Saada, alipokuwa amesimama mbele ya mlinzi na kikapu, moyo wake ulikuwaje?

Kimya. Halafu yule mwenye plasta akasema, "Ulikuwa unadunda." Mwanao akaongeza, "Na mikono ilimtoka jasho, akaificha kwenye nguo."

Mwanangu, nimelisimulia tukio hilo mara nyingi maishani na sikupata kuijua mikono ya Saada mpaka usiku ule. Katika umri wa miaka minne au mitano ndipo mtoto anapoanza kushika kwamba kichwa cha mwenzake kina mambo yake, kwamba mtu anaweza kuamini jambo ambalo yeye anajua si kweli. Kicheko chake juu ya mlinzi kilikuwa kicheko cha mtu aliyeingia katika kichwa cha mwingine akatoka. Aliyeweza kuingia kwa mlinzi anaweza kuingia kwa Saada, na kutoka kwa Saada si mbali kufika kwa ndugu yake mwenye nyuzi tatu. Lakini mlango huo ameufungua mwenyewe. Ningemwambia "uwe na huruma", angeitikia "ndiyo bibi" akalala.

Basi ikaja ngoma, siwa, ile baragumu kubwa, na matoazi na vigoma, watu wanaimba nyimbo za gungu, na Liyongo anakata minyororo katika kelele ile asisikike. Siku ya pili yake niliwapeleka Makumbusho wakaone siwa ilivyo, wakashangaa ukubwa wake, tukatoka kula maembe Mkunguni.

Kifo cha Liyongo sikukisimulia. Ile sindano ya shaba ya kitovuni, na mkono ulioishika kuwa wa mwanawe mwenyewe, si ya mtoto anayekwenda kulala. Akifika miaka kumi umsimulie, na usimfiche kitu, wala usimfanye yule mwana kuwa shetani. Hata sasa usimfiche kwamba Saada alikuwa mtumwa. Nilimweleza kwamba zamani katika miji yetu watu walimilikiwa na watu, na kwamba lilikuwa dhuluma. Aliniuliza kama Saada alikuwa na mama yake. Nikamwambia kila mtu ana mama.

Unapomsimulia, kwa hiyo, usihangaike kutafuta hadithi mpya kila usiku. Hata huyo wa kwenye simu anafaa. Muulize shujaa aliporuka lile jengo, nani alikuwa chini anatazama? Muuza mahindi? Alihisi nini mkokoteni wake ulipopinduka? Nani alimwokotea mahindi yake? Uulize kisha unyamaze, hata kama unasikia sufuria inachemka. Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi mwalimu wa miaka yote ile ulimi huniwasha nitoe jibu. Na umwache mtoto achague awe nani. Usiku wa nne mwanao alitaka kuwa mkate.

Kuna jambo nataka nikuombe radhi. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nikikulaza kwa zimwi. Nilikwambia zimwi la Hidabu linatembea darini likitafuta watoto walio macho, nawe ulijifunika gubigubi ukalala kwa hofu, nami nikaona nimefaulu. Hivyo ndivyo nilivyolazwa na mimi. Lakini nilikuwa na mtoto mwenye moyo mwepesi, mtoto aliyelia kwa ajili ya punda wa jirani aliyechunwa mgongo na shogi, nikautia hofu moyo ule badala ya kuuuliza unaona nini. Nisamehe, mwanangu. Nilichokunyima wewe namlipa mwanao, na najua deni halilipwi hivyo, lakini ndiyo njia niliyo nayo.

Sasa sikia yaliyotokea asubuhi moja kabla ya kuondoka. Nilikuwa nimeepua mahamri, mbaazi ziko tayari. Mwanao akaja akayatazama yote katika sinia, akachagua hamri moja lililoungua upande mmoja. Nikamwambia, baba, chukua zuri. Akasema hapana, hili ni baya, wewe hulitaki, sivyo? Nikasema silitaki. Akaondoka nalo nyuma ya mlango, akakaa huko muda, akarudi amelishika kwa mikono miwili kama yai, akampelekea mwenzake aliyekuwa amekaa mkekani. Akamnong'oneza, lakini mnong'ono wa mtoto wa miaka mitano unasikika hadi Shela: "Kula polepole. Mlinzi ni bibi."

Mwenzake akauma. Akatoa mdomoni mguu wa plastiki, kisha mwili, kisha ile kofia ndogo. Ni kile kisanamu cha shujaa ulichomnunulia siku yake ya kuzaliwa, kile asichokubali mtu akiguse, analala nacho, anaoga nacho. Alikuwa amelipasua hamri kwa kijiko akakisokomeza ndani. Mwenzake akakitazama, akakipangusa kwa kanzu, akakitia mfukoni. Hawakusema neno. Wakaendelea kula mbaazi. Mimi niligeukia jiko nikapangapanga vikombe vilivyokwisha pangwa, ili nisionekane uso.

Kwa hiyo ukikitafuta kisanamu katika mkoba wake usikione, hakikupotea, na tafadhali usimnunulie kingine kwa haraka. Leso ya kisutu nimemwachia. Amesema ni ya kufunikia kikapu.

Tulimsindikiza mpaka Mokowe, ng'ambo ya bara. Katika mashua alikaa kimya, nikadhani ni maji yanamtisha, kwa sababu siku ile bahari ilikuwa na mawimbi. Tulipokuwa tunangoja basi akanishika mkono akaniuliza: "Bibi, Liyongo alipotoroka, Saada alilala wapi usiku ule?"

Nilitafuta jibu sikulipata. Hadithi inamfuata Liyongo msituni, Saada inamwacha na kikapu chake mjini, pamoja na walinzi waliokwisha jua. Dereva akapiga honi. Nikamwambia sijui, mwanangu, kamuulize mama yako mkae mlitafute pamoja.

Nami nalisubiri. Uniandikie mlipofika.

Mamako