Cheti chako kitavuka mpaka?

Mhariri,

Vijana wanaohitimu chuo kikuu huku macho yao yakiwa ng'ambo huulizana kazi ipi inalipa. Mimi ningeanza na cheti: kitavuka mpaka? Sheria haisafiri vizuri. Wakili akihama, mara nyingi hurudi darasani. Muuguzi aendaye Marekani lazima afaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi. Fundi wa programu za kompyuta huulizwa zaidi amefanya nini.

Na kuzifuata viza peke yake ni kamari. Uingereza iliita wahudumu wa wazee kwa wingi, kisha Julai 2025 ikafunga dirisha la kuwaajiri wapya kutoka nje.

Mpwa wangu alikataa kazi nzuri ya uhasibu ili "asijifunge." Matokeo yake ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, aliyoyatunza kwenye bahasha ya plastiki kama hati ya shamba, yaliisha muda baada ya miaka 2, hajatuma ombi hata moja. Kanada nayo, kwenye Express Entry, mfumo wake wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa alama, alama za umri huanza kupungua ukifika miaka 30. Uzoefu wa ile kazi aliyoikataa ungempa alama. Sasa ana miaka 31, na ndiyo kwanza anatafuta kazi ya uhasibu.

Mjomba mtu