Kipande cha babu

Shoga yangu Zai,

Za masiku? Najua umeninunia, tangu Idi sijakutafuta, na ile meseji yako ya mvua za Kasulu niliisoma nikasema ntajibu jioni, jioni yenyewe ndo hii. Huku wazima, mama na miguu yake ileile, Mwanaidi kajifungua wa kiume, na yale ya barabara ya 9 utayasikia kwa wenyewe, mi sitii neno.

Sasa nisikilize. Si unajua wajomba wameamua nyumba ya bibi pale Ngamiani iuzwe, wagawane mirathi yao yaishe. Jumamosi tukaenda kutoa vyombo, mi nikapewa uvunguni (kila kazi ya vumbi yangu, sijui nina nini). Nikavuta mkebe wa biskuti umeshika kutu, kuufungua mpaka kisu. Ndani shanga, risiti za kodi ya kichwa, na kikadi kigumu kimekunjwa katikati, kina viboksi 30 vya siku, vimepigwa alama kwa wino wa zambarau, na juu namba. Kipande cha mkonge, ile kadi ya kibarua ya kuhesabia siku za kazi! Penye jina wino umetawanyika, naona "Nta" basi, zilizobaki zimeliwa. Penye kwao: Kasulu.

Zai, Kasulu! Hukohuko ulikopangiwa kazi ukalia siku tatu.

Yaani babu yangu mie, msuli na kofia ya kiua, barazani na kahawa chungu, Ramadhani wa watu, Mtanga kuliko Watanga, kumbe manamba, kibarua wa mkataba aliyeletwa kukata mkonge. Mama anasema hakuwahi kuambiwa, mi simwamini, alijibu haraka mno. Mjomba mkubwa kaninyang'anya eti ya zamani yaachwe, yatatuletea warithi kutoka Kigoma. Tumenuniana mpaka leo.

Bi Sauda ndo kanifungulia kidogo. Anasema babu alikuja na watu wa Silabu, kile chombo wenye mashamba ya mkonge walikianzisha 1944 kuwasomba vibarua kutoka bara, na ilikuwa treni ya kati kisha malori, maana reli yenu na yetu zilikuja kuungwa 1963. Alipomaliza mkataba hakurudi, akashuka mjini akawa kuli bandarini, kushusha marobota ya katani kwenye matishari, si unakumbuka meli zilikuwa zinatia nanga mbali huko kwa sababu ya kina, ndo hii juzijuzi wamechimba. Hapo getini bibi alikuwa anauza vitumbua, na vitumbua vya bibi unavijua mwenyewe, mtu angerudije Kasulu?

Ila kinachonichoma ni kingine. Unakumbuka shuleni tulivyokuwa tunawacheka wale watoto wa makambi ya mkonge? "Mtoto wa manamba, mtoto wa manamba." Na mbele ya kundi nani? Mimi. Nikikumbuka yule msichana wa viatu vya raba, aliyekuwa anakaa dawati la... basi tuache.

Mwezi uliopita niliwapeleka watoto wa dada pale makumbusho ya Urithi, kwenye boma la Mjerumani. Tukaelezwa vita vya Novemba 1914, Waingereza wameleta watu kama 8,000 kutoka India, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana kama 1,000, mara nyuki hao wakawavamia askari, watoto wakacheka mpaka basi. Kila mgeni akija Tanga lazima aelezwe nyuki, manamba hawana hata wimbo. Na mkonge wenyewe wakuja! Hindorf, yule Mjerumani aliyeuleta, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikazungukia Hamburg, 1893 inafika Tanga imebaki hai 62. Hiyo 62 tunaihesabu na kuikariri, babu anahesabiwa viboksi. Halafu sisi wenye mji tunajitapa waja leo waondoka leo, haya, huyu alikuja akazaa mama yangu.

Shoga, ndo maana nakuandikia, si salamu tu. Naomba uniulizie. Wazee wa huko si watakuwa wanajua familia iliyopoteza kijana aliyekwenda mkonge asirudi? Au walikwenda wengi mno hata haiulizwi? Hilo "Nta" ni la ukoo gani, au ndo majina yako tele kama Juma huku? Uende kwa nani kwanza, mwenyekiti wa kijiji au wale wazee wa kanisani ulionisimulia? Na ukipata mtu kweli, tumwambie nini, kwamba nyumba inauzwa? Maana mjomba akisikia atazimia.

Wewe mwenyewe u hali gani, ulishapata godoro? Na yule mwalimu wa hesabu, bado anakusumbua au ushamkubalia umenificha?

Picha ya kikadi nakutumia WhatsApp, niliipiga kabla hakijachukuliwa. Ukuze uangalie vizuri, alama zinaishia kiboksi cha 27, vitatu vitupu. Unadhani aliumwa?

Wako,
Mwana