Ile singe ya pale Posta

Oya Hamisi, mambo vipi, shemeji na watoto hawajambo? Mi mzima, gereji kazi zipo zipo tu.

Juzi tulivyopita Posta, Dar, ukaniuliza pale Sanamu ya Askari, hivi hii singe, kile kisu cha mbele ya bunduki, mbona ndefu kama jamaa anaenda kuangua embe, nikacheka tu sababu daladala ilikuwa inaondoka. Ngoja nikujibu leo.

Zamani bunduki ilikuwa inahesabiwa na mkuki humo humo, mwenye ndefu ndo anamfikia mwenzake kwanza, kwahiyo Mwingereza alipofupisha bunduki akarefusha singe, ya mwaka 1907 chuma chake karibu sentimita 43. Mfaransa ndo balaa, yake ya 1886 ilifika 52, nyembamba, ukiikata kati inatoa alama ya kujumlisha, na wenyewe wakaipa jina la kike kabisa, Rosalie.

Ikaja vita ya 1914 watu wakazama kwenye mahandaki. Handaki lenyewe kupishana wawili shida, halafu kona kona, sasa bunduki na singe yake imevuka mita moja na nusu unaigeuzaje mle usiku? Ndo wanajeshi wakaanza kujitengenezea, hawakusubiri ofisi. Rosalie iliyovunjika inakatwa inawekwa mpini. Wengine wanachukua nguzo za chuma za kufungia seng'enge, huku nyuma wanakunja tundu la kuingiza vidole, mbele wanachoma moto wanagonga mpaka inachongoka, basi, kisu tayari. Yaani nilivyoona picha nikasema hii kazi yangu kabisa, nondo na nyundo!

Wamarekani wakaja na jisu la kiwandani 1917, lina pembe tatu, linachoma tu, kukata hata kamba haliwezi. Mwaka uliofuata wakatoa jingine la makali pande mbili, mpini wa shaba wenye pete nne za vidole, ukikosa kuchoma unapiga ngumi. Watu wanalisifia sana ila mi kama fundi naona mbwembwe, vidole vikishaingia mle kubadilisha mshiko ndo basi tena.

Vita vya pili shaba ikawa mali, 1943 Wamarekani wakatoa kisu cha M3, mpini wa vipande vya ngozi vimepangwa kama chapati, chuma sentimita 17 tu, wakatengeneza zaidi ya milioni mbili. Mwaka mmoja mbele chuma hicho hicho wakakipa kishikizo cha kukaa kwenye mtutu, ikawa singe ya M4. Na zile singe zao za zamani za sentimita 40 walikuwa wanazikata tu zinabaki 25! Mwingereza naye akaishia na msumari wa sentimita 20 hivi, hauna makali hata kidogo.

Yule wa pale Posta ni wa vita vya kwanza, sanamu ya 1927, ndo maana kabaki na refu lake limeelekea bandarini. Jumamosi ukija tupite tena, uje na ile simu yako ya kamera nzuri, nataka kuona pale singe inaposhikana na mtutu yule mchongaji kafanyaje.